Paka wa Maine Coon: mbegu iliyotengenezwa na baridi

Vijana, leo tuwaache kuku na mbuzi kidogo, tumsome paka. Msicheke. Ukitaka kuona mbegu inavyojengwa, inavyodharauliwa na inavyoponea chupuchupu, huyu Maine Coon anatosha.

Asili yake ni jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako theluji si mchezo. Paka wa kufugwa walifika huko kwa meli kutoka Ulaya, wakawekwa mashambani kulinda nafaka na panya. Wazazi hawakuchaguliwa na mtu, walichaguliwa na baridi. Manyoya marefu hutokana na kinasaba kinachojificha: mtoto lazima akipate kwa baba na kwa mama. Ndiyo maana paka wawili wa manyoya mafupi wanaweza kuzaa mtoto wa manyoya marefu. Aliyezaliwa na koti zito, manyoya katikati ya vidole na mkia wa kujifunika, alivuka majira ya baridi akazaa. (Ile hadithi kwamba alichanganywa na rakuni ni porojo. Hawawezi kuzaa pamoja.)

Miaka ya 1860 wakulima walishaanza kuwapeleka paka hawa kwenye maonyesho ya kilimo ya Skowhegan. Mwaka 1895 jike aitwaye Cosey alishinda maonyesho makubwa ya Madison Square Garden, New York. Halafu? Paka wa Kiajemi wakashika soko, na huyu akaonekana wa kishamba. Kufikia miaka ya 1950 wapo waliosema ametoweka. Kumbe yuko ghalani, anakamata panya! Mwaka 1968 wafugaji wakaunda chama chake, na 1976 akapewa tena hadhi ya kushindania ubingwa.

Sasa hapa tukae kidogo. Ukijenga mbegu kwa wanyama wachache, na kila mtu anamtaka dume yuleyule bingwa, kasoro yake nayo inasambaa. Wewe unayetumia beberu mmoja miaka yote unanielewa. Mwaka 2005 watafiti waligundua kwa paka hawa badiliko la kinasaba linalonenepesha msuli wa moyo. Karibu mmoja kati ya watatu analo. Wengine wanaonekana wazima kabisa, halafu wanaanguka ghafla.

Wafugaji makini hupima kinasaba, na moyo kwa altrasaundi, kabla ya kupandisha. Ila hawawaondoi wote kwa mpigo. Mwenye nakala moja ya badiliko hupandishwa na asiye nalo, kisha wanabakiza watoto safi, kwa sababu ukitupa theluthi nzima unaibana tena mbegu ileile unayojaribu kuiokoa.