Laptopu Yako Bado Ina Safari Ndefu: Vidokezo 7 vya Kuchagua Linux ya Kuanzia

Ukiwasha kompyuta unapata muda wa kuosha vyombo, kupika chai na kuinywa kabla haijafunguka? Usiitupe! Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na laptopu nyingi tulizonunua za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Kuna mlango mwingine, na kiingilio ni bure: Linux, mfumo endeshi huria ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuuchungulia ndani, kuubadilisha na kumgawia jirani. Linus Torvalds alianza kuandika kiini chake mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Leo unaweza kuwa nao mezani kwako kwa jioni moja tu. Twende!

1. Pima mashine kabla ya kuishonea nguo

Fundi cherehani hakati kitambaa kabla hajakupima. Nawe ukiwa kwenye Windows, bofya kulia kwenye "This PC", chagua "Properties", kisha andika mambo mawili kwenye karatasi: RAM ni GB ngapi, na mashine ni ya biti 64 au 32. Una GB 4 na biti 64? Hongera, karibu kila mlango uko wazi. Una GB 2? Bado umo, ila tutachagua kitu chepesi. Mashine za biti 32 ndizo zenye shida siku hizi, kwa sababu hata Ubuntu iliacha kuzitengenezea matoleo mapya ya kawaida miaka kadhaa iliyopita.

2. Majina ni mia, wewe chukua moja

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanasoma wiki nzima, wanalinganisha, wanaahirisha, na laptopu inaendelea kulala kabatini. Mimi nitakuchagulia.

Chukua Linux Mint. Ilianza mwaka 2006, na imejengwa juu ya Ubuntu. Mtu aliyezoea Windows haulizi njia: kitufe cha menyu kiko chini kushoto, saa iko chini kulia, na dirisha linafungwa kwa alama ya X. Inakuja kwa sura tatu, lakini wewe zingatia mbili. Kama una GB 4 au zaidi, chagua Cinnamon. Kama mashine ni ya zamani au RAM ni GB 2, chagua Xfce, ambayo haina madoido mengi lakini inakimbia.

Mint haikukuvutia? Zipo mbili nyingine ninazoziamini. Zorin OS inapendeza macho, na toleo lake la bure linatosha kabisa nyumbani. Ubuntu yenyewe ina watumiaji wengi, hivyo swali lako lolote huenda lilishaulizwa na kujibiwa. Iliasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni la lugha za Kinguni. Litamke polepole: ubuntu, utu. Ni ndugu wa damu wa neno letu!

Ukichukua Ubuntu, tafuta toleo lenye herufi LTS. Matoleo hayo hutoka Aprili kila baada ya miaka miwili, na hupata masasisho ya usalama kwa miaka mitano. Ukichukua Mint ya kawaida, huna haja ya kutafuta herufi zozote, kwani yenyewe hujengwa juu ya LTS.

3. Onja mchuzi kabla ya kupakua

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote. Linux unaweza kuiendesha moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote ndani ya diski yako! Nunua flashi ya GB 8 na uhakikishe haina kitu cha thamani, maana itafutwa. Pakua faili la Mint kutoka tovuti yao rasmi (ni karibu GB 3, kwa hiyo subiri bando la usiku au Wi-Fi ya kazini), kisha liandike kwenye flashi kwa programu ya bure iitwayo Rufus. Kunakili tu kama unavyonakili wimbo hakufanyi kazi.

Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP ni Esc halafu F9. Ukishaingia, usishangae picha ya ukutani tu. Kagua: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kamera inakuona? Printa inachapa? Mwanga wa skrini unapungua na kuongezeka? Itakwenda polepole kidogo kwa sababu inasoma kutoka kwenye flashi, hilo lisikutishe. Na kama Wi-Fi imegoma, unganisha simu kwa waya wa USB, washa huduma ya kugawa intaneti, kisha fungua "Driver Manager" ya Mint uone kama ina kiendeshi cha kadi yako.

4. Okoa picha za harusi kwanza

Nakili picha, vyeti, CV na kazi zote kwenye diski ya nje. Fungua mbili tatu huko huko uhakikishe zinafunguka. Basi, songa mbele.

5. Wapangaji wawili, nyumba moja

Una programu ya hesabu za duka inayotaka Windows tu? Usivunje ndoa. Wakati wa kusakinisha, chagua kuweka Mint kando ya Windows, na kila unapowasha utaulizwa unamtaka nani. Iachie Mint nafasi ya kutosha: GB 20 ndiyo chini kabisa, lakini GB 100 itakupa raha. Kuwa makini na chaguo la kufuta diski yote, kwa sababu linafuta kweli.

6. Jua utakachokikosa, na kinachokusubiri

Photoshop haijatengenezwa kwa ajili ya Linux, jifunze GIMP. Microsoft Office ya kusakinisha nayo haipo, lakini Mint inakuja na LibreOffice, inayofungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Barua na bajeti za kawaida zinapita vizuri. Hati yenye majedwali mengi itume kama PDF ili isivurugike kwa bosi. Tena jamaa hii ya programu ina historia kwetu: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri OpenOffice, mzazi wa LibreOffice, kwa Kiswahili na kuiita Jambo OpenOffice. Watu waliketi wakatafutia maneno yetu kila kitufe, na mimi nawashukuru hadi leo.

7. Weka akiba ya kurudi nyuma

Siku ya kwanza kabisa, kabla hujaanza kujaribu hiki na kile, fungua programu iitwayo Timeshift iliyomo ndani ya Mint. Inapiga picha ya mfumo mzima, na sasisho likivuruga mambo, unarudi ulikotoka kwa mibofyo michache. Kumbuka tu kwamba inalinda mfumo. Picha za watoto bado zinahitaji ile diski ya nje.

Na flashi yako? Usiifute. Windows ya shangazi ikigoma kufunguka, ichomeke, washa Mint humo humo, umtolee mafaili yake yote yakiwa salama, mradi diski yenyewe haijafa au kufungwa kwa nywila. Kisha mwonyeshe ile menyu ya chini kushoto.