Mota imeungua tena? Usikimbilie kuisuka

Mdogo wangu wa Katesh, barua yako nimeisoma. Umehitimu uhandisi wa umeme na mitambo, maombi umetuma viwanda vya Dar hadi umechoka, na sasa mjomba wako mwenye mashine ya kukamua alizeti anataka ukamsaidie msimu huu. Unaona aibu. Nenda. Kiwanda kikubwa huenda kikakukabidhi kona moja tu. Kwa mjomba, mota, mkanda, gia, beringi na boksi la umeme vyote ni vyako.

Ukifika, mpe shikamoo mwendesha mashine hata kama shule aliishia la saba, kisha umuulize: mota ilianza kunguruma lini, ilikuwa na mzigo au tupu, taa zilififia? Mtu anayekesha na mashine msimu mzima anajua mengi.

Sasa hilo uliloniandikia, la mota ya mjomba kuungua kila mara. Nahisi kuna njia moja ya umeme, yaani fezi, inakatika. Umeme wa njia tatu ukipoteza moja, mota iliyokuwa inazunguka haisimami. Inaendelea kuvuta, na njia mbili zilizobaki zinabeba ampea kama mara 1.7 kwa mzigo uleule. Mtego uko hapa: mota inayozunguka hurudisha volti kwenye njia iliyokatika, kwa hiyo mita ya volti inaweza kukuonyesha karibu 400 ukasema umeme mzima. Bana mita ya ampea kwenye waya mmoja mmoja. Unaosoma sifuri ndio wenye kesi; ufuate nyuma hadi kwenye kontakta na fyuzi. Kama ni nguzoni, ita TANESCO, usipande.

Kagua na releyi ya kulinda mota. Nimewahi kuikuta imezungushwa hadi mwisho, eti isikatize kazi! Irudishe kwenye ampea za kibao cha mota. Mjomba atanuna, mwache anune. Ikiendelea kukata, basi hamia upande wa mitambo: vua mkanda, zungusha shafti kwa mkono, sikiliza beringi, tazama kama mashudu yameganda ndani. Kabla mkono haujaingia popote, zima swichi kuu, piga kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako. Watakucheka, hasa kwa vile wewe ni msichana.

Nanyi wasomaji wa Dongobesh na Haydom mnaouliza kuhusu mashine za kusaga, hesabu ni hiyohiyo.

Mjomba akitaka kununua mashine mpya, muulize kwanza spea zinapatikana wapi. Wazee wa Basotu waliyaona mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, na mitambo iliyokuja kwa msaada wa Kanada. Kaa nao, wana ya kukusimulia kuhusu spea.

Usajili usiusahau. Mafunzo ya kazini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) kwa wahitimu, yale ya SEAP, huchukua miaka 3 na yanadai msimamizi aliye mhandisi aliyesajiliwa. Mjomba hawezi kuwa huyo, kwa hiyo mtafute mapema, hata Arusha au kiwanda cha mbolea Minjingu. Wakati huo weka daftari: tarehe, dalili, vipimo, ulichobadilisha na kwa nini.

Halafu malipo. Mjomba ni mjomba, lakini yataje kabla hujafungua boksi la spana. Hayo ya "utanipa chochote" hapana.