SOMO LA IJUMAA: MAMA ALIYETOKA MBALI



Leo tutazame ndani ya nyumba moja ya kifalme, tupate mafunzo. Ni nyumba ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, aliyefariki mwaka 1856. Misafara iliyotoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ndiyo iliyovuka ziwa letu hadi Maniema, na dini ikafika pamoja nayo. Njia hiyo hiyo iliwachukua watu wetu utumwani. Hilo tusilifiche.

Habari za nyumba hiyo ameziandika binti yake, Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1886. Anaeleza kwamba mbele ya baba yao kilisemwa Kiarabu tu. Akiondoka, kilisikika Kiajemi, Kituruki, Kicherkasi, Kihabeshi na Kiswahili. Mke mmoja alikuwa binti wa kifalme kutoka Uajemi, mpanda farasi na mwindaji. Aliachwa, akarudi kwao. Wengi waliobaki walikuwa masuria, wanawake walionunuliwa.

Mmoja wao ni Jilfidan, mama yake Salme. Alikuwa Mcherkasi, kutoka milima ya Kaukazi. Vita vilipofika kwao wazazi wake waliuawa. Wapanda farasi wakawachukua watoto watatu, yeye, kaka yake na mdogo wake, kila mmoja njia yake. Hakuwaona tena. Alifika kwa Sayyid Said akiwa mtoto wa miaka saba au minane, bado anang'oka meno. Alijifunza kusoma, akawa anatembelea wagonjwa na kitabu mkononi, anawasomea dua. Alikufa kwa kipindupindu mwaka 1859.

Ndugu msomaji, sheria ilikuwa wazi. Suria akimzalia bwana wake haruhusiwi kuuzwa tena, na bwana akifa yeye ni huru. Mtoto wake ni huru, sawa na ndugu zake. Sayyid Said aliacha watoto 36, wote wa masuria. Majid na Barghash waliotawala Unguja baadaye ni miongoni mwao.

Je, sheria ilitosha kusafisha mioyo? La. Salme anasema Wacherkasi, kwa kujiona bora, hawakutaka kula pamoja na Wahabeshi. Kila kabila lilikaa na sinia lake. Nao watoto wa Wahabeshi waliwaita ndugu zao wa Kicherkasi "paka", kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Tazameni! Wanawake walionyang'anywa kwao, wote wametendewa jambo moja, lakini wanabaguana. Watoto nao wakarithi maneno hayo.

Mama wa Waumini Safiyya, aliyetoka Khaybar kwa Wayahudi, alilia aliposimangwa kwa asili yake. Mtume (s.a.w.) hakunyamaza. Alimfundisha kujibu kwa fahari kwamba yeye ni wa kizazi cha Manabii.

Sasa turudi hapa Fizi na Baraka. Vita vya mwaka 1996 vilituvusha wengi hadi Tanzania. Tangu mwaka 2005 mashua zikawarudisha watu kutoka Kigoma. Wengine walirudi na wake waliooa kambini, wa kabila jingine, wa lugha nyingine. Ni mara ngapi mwanamke huyo anaitwa "wa kuja" na wifi zake? Ni mara ngapi mtoto wake anaambiwa, "Nenda kwenu kwa mama yako"?

Basi tushike mambo matatu:

1. Mke aliyetoka mbali ale sinia moja na sisi.
2. Mume asinyamaze mkewe akisimangwa. Kunyamaza ni kukubali.
3. Mtoto asitukanwe kwa kabila la mama yake. Neno la jikoni leo ndilo ugomvi wa urithi kesho.

Mwenyezi Mungu atupe mioyo inayopokea wageni. Amin.

Wabillahi tawfiq.