Kidudu cha ua dume la mungazi: tusikiue, kinatuzalishia mafuta



Ua dume la mungazi (mchikichi) likifunguka linatoa harufu kali kama ya anizi, na vidudu vidogo vyeusi vinajaa juu yake. Wengi wetu tukiviona tunasema: ni ugonjwa huu! Mmoja anapuliza dawa, mwingine anakata ua na kulitupa. Hapo tunajinyima mafuta sisi wenyewe.

Kinafanya kazi gani?

Mungazi una maua dume na maua jike, lakini kwenye mti mmoja mara nyingi hayafunguki pamoja. Lazima unga utoke mti mwingine. Kidudu hiki, chenye urefu wa milimita 3 au 4, kinakula na kutaga mayai ndani ya ua dume. Ua jike likifunguka linatoa harufu inayofanana. Kidudu kinadanganyika, kinafika pale na unga mwilini, na ngazi zinashika.

Mwenyeji kwetu, mgeni kwao

Vidudu hivi ni vya jenasi Elaeidobius. Viko vya aina kadhaa, vyote wenyeji wa Afrika kama mungazi wenyewe. Mwaka 1848 miche minne ya mungazi ilipandwa Bogor, Indonezia. Mti ulivuka bahari, vidudu vikabaki. Baadaye, huko Malezia, wenye mashamba walilipa watu wapake unga kwenye maua jike kwa mkono. Mtaalamu Rahman Syed alikuja Kameruni kuchunguza, akachagua aina moja, Elaeidobius kamerunicus, kwa sababu inabeba unga mwingi na inafanya kazi wakati wa jua na wa mvua. Ilipimwa kwanza kama haiharibu mimea mingine. Mwaka 1981 iliachiwa mashambani, na kazi ile ya mkono ikaisha.

Wao walikifuata mbali. Sisi tunacho bure.

Tufanye nini?

1. Tusipulize dawa kwenye maua, hata kidogo.
2. Ua dume likinyauka, tuliache mtini mpaka likauke kabisa. Watoto wa kidudu wanakomaa ndani yake, wiki mbili hivi.
3. Mingazi michanga ya mbegu bora, aina ya tenera, inatoa maua jike mengi na dume machache. Tukipanda upya, tusiangushe mizee yote mara moja.
4. Tupasue ngazi za mkungu mmoja. Kama nyingi ni ndogo na hazina kokwa, unga haukufika.

Mazungumzo ya kikundi

Kabla ya mkutano, kila mmoja akung'ute ua dume lililofunguka juu ya karatasi nyeupe. Nani ameona vidudu vingi? Nani hakuona? Mwenye shamba lisilo na vidudu atuelezee: anapuliza dawa gani, na maua dume anayafanya nini?