Amilesi na Lipesi Katika Karatasi ya Maabara



Mama mmoja wa Likoni alinijia akilia, mkononi karatasi ya maabara ya mumewe. Penye neno "amilesi" palikuwa na alama kuonyesha iko juu, na jirani keshamwambia hiyo ni kansa. Si lazima! Tuelewane polepole.

Tafuna kipande cha muhogo wa kuchemsha bila kukimeza upesi. Punde utasikia utamu. Mate yana kimeng'enya, yaani kisaga chakula, kiitwacho amilesi, kinachogeuza wanga kuwa sukari. Amilesi nyingine hutoka kwenye kongosho, kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, ambacho pia hutoa lipesi ya kusaga mafuta, kama hilo tui la mbaazi zetu.

Kazi yao ni matumboni. Katika damu huwa kidogo tu. Kongosho likiumia, huvuja. Kiwango kikifika mara 3 ya mpaka wa juu wa kawaida, na mgonjwa ana maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, daktari hushuku uvimbe wa ghafla wa kongosho. Visababishi vikubwa ni vijiwe vya nyongo na pombe nyingi. (Wazee wa mangweni, nasema kwa upendo.)

Lakini hata mtoto mwenye matumbwitumbwi amilesi yake hupanda, kwani tezi za mate zimevimba. Figo mbovu nazo huipandisha. Lipesi huaminika zaidi.

Linaloniudhi ni hili: watu kununua dawa ya alsa dukani wiki nzima. Amilesi hupanda kwa saa chache, ikarudi chini baada ya siku 3 hadi 5 hivi. Lipesi hukaa juu wiki moja hadi mbili. Ukichelewa, karatasi yaweza kusema "kawaida" na ugonjwa ungalipo. Na kongosho lililochakaa kwa miaka halina tena cha kuvuja: vipimo viko chini, huku mtu anakonda, choo kina mafuta, kisukari kinaingia.

Yule baba alipigwa picha ya tumbo, vikaonekana vijiwe vya nyongo.

Maumivu hayo yakikushika usiku, usingoje kuche. Feri huvuka usiku pia. Mwambie daktari siku na saa yalipoanza.