Kikohozi Kinachorudi Baada ya Kifua Kikuu

Mgonjwa aliyemaliza dawa za kifua kikuu akaanza tena kukohoa hudhani, na pengine huambiwa, kwamba ugonjwa umerudi. Yawezekana umerudi. Lakini upo ugonjwa mwingine unaofanana nao mno, usababishwao na kuvu, yaani fangasi, iitwayo Aspergilasi.

Vijimbegu vya kuvu hii vimo katika vumbi, nafaka iliyoota ukungu na majani yanayooza, nasi sote huvivuta, wengi wetu bila kudhurika. Kifua kikuu, hata kikipona, huweza kuacha matundu katika mapafu. Humo ndimo kuvu hupata makao, ikakua polepole, na mara nyingine ikajiviringa kuwa donge. Mgonjwa hukohoa kwa miezi mitatu au zaidi, hukonda, huchoka, huishiwa pumzi, na huenda akakohoa damu. Anayekohoa damu nyingi asisubiri tarehe ya kliniki. Akimbizwe hospitali saa ileile.

Kwa kuwa dalili ni zilezile, hazitoshi kuamua. Makohozi yapimwe kwanza. Hata hapo tahadhari yahitajika: kwa mtu aliyetibiwa karibuni, kipimo cha GeneXpert chaweza kuonyesha mabaki ya bakteria waliokwisha kufa, hivyo kuotesha makohozi maabara hutoa jibu la uhakika zaidi, ingawa huchukua wiki kadhaa. Bakteria wasipoonekana, tunashauri mgonjwa aulize waziwazi: «Daktari, je, yaweza kuwa kuvu?» Picha ya eksirei au ya CT, pamoja na kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili dhidi ya Aspergilasi, ndivyo vinavyosaidia kujibu. Picha za zamani zisitupwe. Kuzilinganisha na mpya humwonyesha daktari kilichobadilika.

Swali hilo si la ubishi. Dawa za kifua kikuu haziui kuvu, na anayerudishiwa dozi bila ushahidi hubeba madhara yake huku mapafu yakiendelea kuharibika. Tena rifampisini hupunguza nguvu ya itrakonazoli, dawa itumiwayo sana, kwa miezi sita au zaidi, dhidi ya kuvu hii. Kwa sababu hiyo dawa hizi zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha.

Kuvu hii haiambukizi kutoka mtu hadi mtu, hivyo hakuna haja ya kumtengea mgonjwa chumba. Hata hivyo, mpaka majibu ya makohozi yatoke, afunike mdomo akohoapo na madirisha yaachwe wazi.