Peke Yako Melini: Maandalizi ya Safari ya Kundi Katika Mto Nile

Kijitabu hiki ni cha mtu anayejiunga na kundi la watalii kwa safari ya meli kati ya Luxor na Aswan, kusini mwa Misri, bila mume, mke, ndugu wala rafiki wa kuongozana naye. Tunamwandikia mjane aliyeamua kwenda kujionea, mwalimu aliyestaafu, na kijana ambaye rafiki zake waliapa kwenda naye kisha wakaanza kusema "labda mwakani".

Anayesafiri na mwenziwe ana mtu wa kugawana naye gharama ya chumba, wa kumtunzia nakala ya pasipoti, na wa kuuliza yuko wapi asipoonekana mezani. Wewe huna. Kiongozi wa kundi hawezi kuziba pengo hilo lote, maana ana watu wengi wa kuwaangalia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maandalizi yako ni kuzitafutia mwenyewe kazi zile ambazo mwenzi angezifanya. Nyingi hupangwa ukiwa bado nyumbani.

KABLA HUJALIPA

Bei inayotangazwa karibu kila mara ni ya mtu mmoja aliye katika chumba cha watu wawili. Ukitaka chumba peke yako utatozwa nyongeza, na nyongeza hiyo hutofautiana mno: kampuni moja itakuongezea kidogo, nyingine itakaribia kukutoza nauli ya mtu wa pili ambaye hayupo. Itake ikiwa imeandikwa, pamoja na bei nzima, kabla hujatoa hata shilingi ya kushikia nafasi.

Kampuni nyingine huahidi kukutafutia msafiri wa jinsia yako mgawane chumba. Ni njia halali ya kupunguza gharama, ila uliza jambo ambalo wengi hulisahau: asipopatikana, tofauti ya bei atalipa nani? Na akijitoa wiki moja kabla ya safari? Uliza pia kama ni mvutaji wa sigara. Kwa maoni yetu, safari ya usiku tatu au nne ni fupi. Mwenye uwezo alipie chumba chake alale kwa amani, na apunguze mahali pengine, kwa mfano kwenye ununuzi.

Wakati ungali unauliza, uliza chumba kiko sitaha gani. Vyumba vya chini kabisa huwa na dirisha karibu usawa wa maji, na vya nyuma husikia injini. Usilipe sana kwa sababu ya mandhari ya dirishani. Gatini meli hufungwa ubavu kwa ubavu, pengine nne au tano kwa mstari, na dirisha lako linaweza kutazama dirisha la meli ya jirani. Mto unauona ukiwa sitaha ya juu, ambayo ni ya wote.

Kundi litaongozwa kwa lugha gani? Meli moja hubeba watu wa mataifa mengi, na kila kikundi hupewa kiongozi wa lugha yake. Mtu aliye peke yake akiwekwa kwenye kikundi cha lugha asiyoijua, hana wa kumnong'oneza kinachosemwa.

Fedha zilipwe kwenye akaunti ya kampuni yenye leseni. Kenya, kampuni za utalii husajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Tanzania, iombe kampuni leseni yake ya biashara ya utalii uione kwa macho. Anayekutaka utume fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi "ili nafasi isipotee", mwache nafasi yake ipotee.

NJIA NA MSIMU

Ndege nyingi kutoka kwetu hutua Cairo, lakini safari hizi za kawaida hazianzii huko. Utahitaji ndege ya ndani au treni hadi Luxor au Aswan, na kwa treni ni safari ya usiku mzima. Hakikisha unajua kama kiungo hicho kimo ndani ya bei.

Kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi kidogo ya kilomita 200 za mto. Kwa desturi, meli zinazotoka Luxor huchukua usiku nne, na zinazotoka Aswan zikifuata mkondo huchukua usiku tatu. Njiani meli hupita malango ya maji ya Esna, ambako husubiri zamu, husimama Edfu kwenye hekalu la Horus, na Kom Ombo kwenye hekalu la Sobek, mungu mwenye kichwa cha mamba. Luxor kuna Karnak na Bonde la Wafalme, ambamo kaburi la Tutankhamun liligunduliwa mwaka 1922. Aswan kuna hekalu la Philae, lililobomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya kwenye kisiwa cha jirani ili lisimezwe na maji ya bwawa.

Abu Simbel ni habari nyingine. Iko yapata kilomita 280 kusini mwa Aswan, hufikiwa kwa basi au ndege, na mara nyingi hulipiwa kando. Mahekalu yake yalihamishwa kati ya 1964 na 1968, yakapandishwa juu ili kuyaepusha na ziwa lililotokana na Bwawa Kuu la Aswan. Ukiweza, nenda. Basi huondoka usiku wa manane au alfajiri, na hapo ndipo ratiba huwachanganya wenzetu: 04:00 ni saa kumi alfajiri, si saa nne. Ziandike upya saa zote kwa mtindo wako. Tena, kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Oktoba saa za Misri hulingana na za Nairobi na Dar es Salaam. Miezi mingine ziko nyuma kwa saa moja.

Oktoba hadi Aprili ndiyo miezi ya kuchagua. Kiangazi joto la Luxor huvuka nyuzi 40, na makaburini hakuna upepo. Lakini asidanganyike mtu wa pwani: usiku wa Desemba na Januari juu ya sitaha unataka sweta.

NYARAKA NA AFYA

Pasipoti iwe na angalau miezi sita ya uhai. Masharti ya viza yaulize ubalozi wa Misri wenyewe, kwani hutofautiana kwa uraia na hubadilika. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, hata kama wakala amekuambia haiulizwi siku hizi.

Dawa zako zibaki kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari. Misri ni kali kuhusu baadhi ya dawa za maumivu, hasa tramadol, na mtu amewahi kufungwa kwa kuziingiza nchini. Droni iache nyumbani. Bila kibali hairuhusiwi.

Bima ya safari igharimie matibabu, kusafirishwa ukiwa mgonjwa, na kurejeshwa nyumbani. Kisha andaa kadi ndogo yenye jina lako, kundi la damu, maradhi uliyonayo, dawa zinazokudhuru, namba ya bima na namba ya ndugu mmoja nyumbani. Mwombe mtu anayejua Kiarabu aiandike kwa Kiarabu upande wa pili. Ukizirai hekaluni, kadi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Huyo ndugu wa nyumbani aachiwe nakala ya pasipoti, ratiba, jina la meli na namba ya kiongozi. Mpangie saa ya kupokea ujumbe wako kila siku, na mkubaliane atafanya nini ujumbe usipofika. Bila makubaliano hayo, ukikosa mtandao jioni moja ukoo mzima utakesha.

NDANI YA MELI

Siku ya kwanza usikose maelezo ya usalama. Jua jaketi lako la kuokolea liko wapi, na uitembee kwa miguu njia ya kutoka chumbani hadi sitaha ya juu.

Jambo la pili ni meza. Meli nyingi hupanga wageni meza moja kwa safari nzima, na mgeni aliye peke yake huweza kuwekewa kimeza pembeni kwa nia njema. Kama hukitaki, nenda mapokezi kabla ya chakula cha kwanza uombe kuketi na wengine. Usingoje siku ya pili, kwani kufikia hapo watu wameshazoeana. Na ukichoka na mazungumzo, aga ukapumzike. Huna deni na mtu. Mwambie jirani mmoja wa mezani, unayemwona ni mtu makini, kwamba uko peke yako na ungependa aulize ukichelewa. Wengi hufurahi kuombwa hivyo.

Jioni moja huwa ya mavazi ya Kimisri, na duka la melini litakuuzia kanzu kwa bei ya melini. Mwanamume aliyebeba kanzu yake na mwanamke aliyebeba dera hawana haja ya duka hilo.

Bakshishi ni desturi, si hiari kama inavyosemwa. Kwa kawaida kuna kisanduku cha pamoja mapokezi, na kiongozi hupewa kando. Muulize wakala kiwango kabla ya safari na utenge noti ndogondogo za pauni ya Misri. Beba pia adapta: soketi za Misri ni za pini mbili za mviringo, za kwetu ni tatu za bapa.

Maji kunywa ya chupa. Mtoni usiogelee kandokando. Kichocho hakichagui mtalii.

UKISHUKA NCHI KAVU

Piga picha ubavu wa meli yako, jina lionekane vizuri. Meli huhamishwa wakati wageni wako hekaluni, na unaporudi yako huenda ni ya tatu kutoka gatini, ukapita mapokezi ya nyingine mbili kuifikia. Meli nyingi hutoa kadi ya kushukia inayorudishwa ukipanda. Usiisahau mfukoni, kwa sababu ndiyo inayowajulisha nani hajarudi.

Edfu huenda ukachukuliwa kwa gari la farasi. Hakikisha kiongozi amelipa au kutaja bei kabla hujapanda. Kwa wachuuzi, kataa mara moja na uendelee kutembea. Mwanamke atakayevaa nguo pana zinazofunika mabega na magoti atapunguza usumbufu, ingawa hatusemi hatasumbuliwa. Akiona mtu anamfuata, ajiunge na kundi lolote lililo karibu, hata la wageni asiowajua.

Ukiachwa, usikimbilie boti ya mtu. Barabara inafuata mto, na meli itasimama tena kituo kinachofuata. Mpigie kiongozi, ungoje aliposema. Asipopatikana, polisi wa utalii ni 126, polisi wa kawaida 122, gari la wagonjwa 123. Namba hizo ziandike kwenye karatasi pia, maana simu huzimika.